Povu na Milimau Iliyolishwa Majivu

Jina lake la kweli lipo kwenye kitambulisho, na limelala huko huko. Kazini, nyumbani, kwenye simu za watu, hata kwenye kadi moja ya mwaliko wa harusi iliyochapishwa kwa wino wa dhahabu, yeye ni Povu. "Bi Povu na Mwenza." Mwenza mwenyewe hakuwepo wakati ule, wala sasa hayupo, lakini tusiingilie ya watu.

Kabla hujacheka: hapana, si kwa sababu anamwaga povu mitandaoni. Yule dada ukimkanyaga mguu, samahani anasema yeye. Jina lilimpata mwezi wake wa kwanza kwenye maabara ya udongo, miaka kumi iliyopita. Mkuu wa maabara aliingia na wageni wanane, wakulima wenye sura za watu walioburutwa, akamwambia, "Hebu waonyeshe jaribio la asidi." Jambo lenyewe dogo. Unaweka kijiko cha udongo kwenye kisahani, unadondosha asidi kidogo. Udongo wenye chokaa nyingi unachemka. Usio na chokaa unakutazama tu. Sasa udongo wa siku ile ulikuwa mweupe kama unga wa mikate, na tone lilipogusa tu, ukapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, ukavuka ukingo wa kisahani, ukaanza kutembea mezani. Mtaalamu wetu, aliyekuwa ameonywa atulie mbele ya wageni, akaruka.

"Povu! Povu! Jamani, angalieni povu!"

Akapiga makofi. Akamshika mkono mkulima wa watu, mzee asiyemjua, akamvuta hadi mezani aone vizuri. Na karani wa mapokezi, mtu ambaye huruma ilimpita mbali siku ya kugawiwa, alikuwa ameshika simu, anarekodi. Saa nane mchana kundi zima la ofisi lilikuwa na video hiyo. Jioni ikawa imefika kundi la familia. Aliyeituma huko ni shangazi, na vicheko kumi na vinne juu yake. Nani alimpa shangazi? Mpaka leo uchunguzi unaendelea.

Ukimkuta kazini utadhani amelala macho wazi. Chumba chake ni cha nyuma, kirefu, chenye rafu pande zote mbili, na kwenye rafu kuna trei za udongo unaokauka juu ya magazeti ya zamani. Udongo mwekundu, wa kahawia, wa kijivu, na ule mweupe unaotoka mashamba ya upande wa machimbo ya mawe. Anautwanga taratibu kwa mchi wa mbao, anauchekecha, anaujaza kwenye chupa na maji, kisha anazipanga chupa kwenye mashine ya kutikisa. Mashine inakwenda huku na huku, huku na huku, kama mama anayebembeleza mapacha thelathini. Hapo ndipo Povu anapopotea. Vumbi jeupe linamkaa kwenye kope, jua la asubuhi linapita dirishani, na yeye anashuka chini ya ardhi.

Yaani anashuka kweli. Huko chini anaona nyumba kubwa, kabati zimejaa: chuma, zinki, fosforasi, kila kitu. Mizizi imesimama sebuleni kama wageni waliotoka safari, matumbo yanaunguruma. Na katikati ya nyumba amekaa chokaa, shangazi mnene mwenye funguo zote kiunoni. "Shangazi, tunaomba chuma kidogo." "Rudini kesho." "Shangazi, hata kijiko." "Nimesema kesho." Ndivyo ulivyo udongo mweupe. Chakula kipo tele, ila kimefungiwa. Mti unakufa njaa ndani ya ghala, na jani linaanza kugeuka njano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito kwenye nchi kavu.

"Povu!" karani anapiga kelele toka mlangoni. "Mashine imesimama dakika kumi zilizopita. Rudi duniani, nauli nitakulipia."

Sasa, huyu mtaalamu ana baba. Baba alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, na alipostaafu, mita ya kupimia nguo haikustaafu. Ipo shingoni hata akienda kunyoa. Nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa mji, ana milimau thelathini na moja aliyoipanda mwenyewe Povu akiwa na miaka kumi. Aliipanga kwa mita hiyo hiyo, mstari umenyooka kama mshono wa suruali ya harusi. Zamani ilizaa mpaka majirani wakawa wanakimbia, maana ukipita tu unasukumiwa mfuko. Lakini kwa miaka ya karibuni ilikuwa imegeuka njano. Kwanza ncha, halafu matawi, halafu mti mzima ukasimama kama mgonjwa aliyekataa kula.

Na Povu? Povu alikuwa anakuja kila Jumapili. Anaiona. Anasema, "Baba, wiki ijayo nitachukua udongo nikaupime." Baba anasema, "Haya mwanangu." Wiki ijayo inafika, anasema wiki ijayo. Mganga hajigangi, wahenga waliona mbali. Mtu amepima udongo wa nusu ya nchi, na ule uliomlea hajauwekea hata tone.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka kaka mkubwa alipoleta mchoro. Kaka ni fundi ujenzi, mtu wa vitendo, anaongea kama anapigilia misumari. Alikuwa anahamia na mkewe na watoto, wawe karibu na baba, maana baba sasa yuko peke yake na magoti yamechoka. Nia njema kabisa. Ila vyumba vilikuwa vinahitaji mahali, na mahali palikuwa pamesimama milimau.

"Baba, miti yenyewe imekufa," kaka alisema. "Hata ndege hawatui. Mvua zikiisha naleta watu wa misumeno."

Baba hakubisha. Alishika mita yake, akaikunja polepole mpaka ikawa duara dogo, akaitia mfukoni. Povu alikuwa amekaa pale pale. Ile mita hakuwahi kuiona ikiingia mfukoni. Usiku... hapana, hata usiku haukusubiriwa, kwenye basi la kurudi tu alikuwa ameshaanza kuota macho wazi, anaona ua tupu lenye mashimo thelathini na moja, na baba anapita katikati akitafuta pa kusimama.

Wiki mbili baadaye ikaingia sampuli namba mia na kumi na saba.

Kule maabara kuna sheria moja. Anayepima hajui mwenye udongo. Karani anapokea, anaandika fomu, anabandika namba, jina linabaki kwenye daftari lake la mezani. Sheria ililetwa baada ya mpimaji mmoja wa zamani kumwandikia shemeji yake kwamba udongo wake ni "mzuri sana, hongera," wakati shamba lenyewe halikuwa linaotesha hata magugu. Kwa hiyo mia na kumi na saba ilikuwa mia na kumi na saba tu, mfuko mweupe uliofungwa vizuri kupita kawaida, fundo la kitaalamu.

Alidondosha asidi. Ilifoka mpaka akarudi nyuma hatua moja. Mashine ya kupima uchachu ikasoma nane nukta nne. Chuma kinachoweza kuliwa na mzizi: karibu na hakuna. Zinki: ndugu yake hakuna. Akageuza fomu aone mwenye shamba anaweka nini, akakuta mwandiko wa karani: *Majivu ya tanuri la mikate. Ndoo moja kila asubuhi. Miaka ishirini na miwili.*

"Hee!" Povu aliita mpimaji mwenzake, dada mmoja mwenye miwani aliyekuwa anaosha chupa. "Njoo usome. Kuna mtu analisha udongo wa chokaa majivu. Kila siku!"

"Kila siku?"

"Hata mswaki watu hawapigi kwa uaminifu huo."

Majivu, kama hujui, ni rafiki wa udongo mchachu. Yanaupoza. Lakini udongo huu haukuwa na uchachu wowote wa kupoza, ulikuwa umeshazidi upande wa pili. Kuuongezea majivu ni kumpa shangazi wa funguo makufuli mapya kila asubuhi. Povu akashika kalamu. Na kwa kuwa alikuwa na furaha ya mtu anayemrekebisha asiyemjua, kwenye sehemu ya maoni akaandika hivi:

*Udongo huu una chokaa ya kutosha kupaka nyumba. Majivu yanazidisha tatizo. Acha leo. Na huyo aliyekushauri majivu, mwombe kwa heshima apumzike kushauri watu.*

Dada wa miwani akacheka mpaka akalowesha kitambaa. Povu akapiga muhuri.

Siku ya majibu, aliyeandika maoni ndiye anayemweleza mkulima, kupitia kidirisha kidogo cha mapokezi. Karani akaita, "Mia na kumi na saba!" kwa sauti fulani hivi ya mtu anayejua kitu. Povu akafungua kidirisha, karatasi mkononi, tabasamu la kikazi usoni.

Mbele yake alisimama mzee aliyevaa shati lake zuri. Mita shingoni.

"Shikamoo, baba," alisema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Marahaba, mtaalamu."

"Baba, mbona... si ungeniambia tu nyumbani?"

"Nyumbani ungenipa heshima. Nimesikia hapa mnapima bila kujua mali ya nani, nikataka ukweli." Akanyoosha mkono. "Lete."

Hebu fikiria uko pale. Karatasi unayo, muhuri umeshapigwa, na karani nyuma yako anajifanya anapanga kalamu. Povu akaisukuma karatasi. Baba akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole kinafuata mstari kama anapitisha nguo chini ya sindano. Akafika mwisho. Akarudia mwisho.

"Kwa hiyo ubaya ni majivu."

"Udongo wenyewe ni mweupe toka zamani, baba. Lakini majivu yameongeza. Nani alikuambia..."

Na hapo likamjia. Lilimjia kama harufu. Darasa la sita, anatoka shule anakimbia, daftari liko wazi mkononi, anampigia kelele baba yake kwenye cherehani: Baba, majivu yana potasiamu! Majivu ni chakula cha mimea! Mwalimu amesema! Na mwalimu hakudanganya, alikuwa anafundisha udongo mwekundu wa kwenye kitabu. Mtoto ndiye aliyebeba somo akalishusha kwenye udongo mweupe wa nyumbani. Baba alisimamisha cherehani siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe toka hapo ndoo ilikuwa inamwagwa alfajiri, mtoto bado amelala.

"Nilikuambia mimi," Povu alisema.

"Ulikuwa na sare iliyokatika kifungo cha pili," baba alisema. "Nakumbuka kwa sababu nilikishona huku unanisomea." Akakunja karatasi mara mbili. "Sasa imeandikwa hapa upumzike. Unaanza likizo lini?"

Karani akashindwa. Alitoka nje kabisa, akasikika anacheka na ukuta.

Povu hakucheka. Alitoka na mlango wa nyuma akamzungukia baba yake, wakakaa kwenye benchi la wakulima, bega kwa bega.

"Inaweza kupona?"

"Sijui yote. Mingine labda."

"Muuza duka la pembejeo kaniambia niweke jasi."

"Jasi inasaidia udongo wenye chumvi chumvi. Kwetu ni kupeleka kalsiamu mahali palipojaa kalsiamu."

"Nikizika misumari? Si chuma?"

"Itafungiwa kabatini kama wenzake, baba. Chuma kipo. Hakitoki." Akamweleza dawa zilizopo. Unga wa njano wa salfa uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, unashindiliwa kwenye mashimo kuzunguka mti. Vijidudu vya udongoni vinaila salfa, vinatengeneza uchachu kidogo pale pale penye mzizi, funguo zinaanza kuachiwa. Lakini polepole, ni kazi ya miezi, na chokaa ya shamba zima huwezi kuimaliza, unatengeneza tu vyumba vidogo vya nafuu. Kwa haraka kuna dawa nyingine, chuma kilichofunikwa. "Yaani kimevishwa koti, chokaa haikitambui, kinapita mpaka kwenye mzizi."

Baba alimgeukia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso ulifunguka. "Koti! Na nani kakishonea?"

Lilikuwepo stoo kopo moja la dawa hiyo, limebaki kwenye majaribio ya mwaka uliopita, na mkuu wa maabara akaruhusu. Inatosha miti sita. Kaka naye alipigiwa simu.

"Povu, miti imekufa. Nakupenda, lakini imekufa."

"Nipe wiki tisa."

"Wiki tisa mawe ya msingi yakae barabarani?"

"Kaka, kosa ni langu. Nipe wiki tisa."

Kaka hajawahi kumsikia mdogo wake akikiri kosa, hata lile la kuvunja redio. "Haya. Tisa. Siyo tisa na nusu."

Baba alitaka kila mti upate kidogo. Povu akamwambia kidogo kwa miti yote ni sawa na bure. Mzee akafikiri, akavuta mita, akaiachia. "Kweli. Kitambaa cha watu sita huwezi kuwashonea thelathini na mmoja, wote watabaki nusu uchi." Kisha akachagua sita ya mstari wa mbele, kando ya njia. "Hapa ndipo kaka yako anapopita akitoka getini," alieleza, kwa sauti ya mtu asiye na hila yoyote.

Walimwaga dawa asubuhi moja yenye ukungu. Unga ulikuwa mweusi kama kahawa, lakini ulipokutana na maji ukawa mwekundu, ule wekundu wa ndani ya shavu. Povu alipiga magoti akaumwaga kwenye udongo mweupe, na udongo ukanywa bila sauti, doa jekundu linapanuka, linafifia, linazama. Aliuona ukishuka. Aliuona ukipita sebuleni kwa shangazi mnene, umevaa koti, kofia imeshushwa machoni, na shangazi anasema tu "karibu, pita." Alikaa pale mpaka magoti yakalowa. Baba alikuwa anashindilia salfa na samadi kwenye mashimo ya miti mingine, anapima umbali wa kila shimo kwa mita, anahesabu kwa kunong'ona.

Halafu wakangoja. Wiki ya pili hakuna kitu. Wiki ya nne Povu akaanza kuja na Jumatano. Wiki ya tano akaona, kwenye ncha ya tawi moja, jani jipya dogo kama kucha ya mtoto, limekunjwa bado. Hakupiga kelele. Alilishika kwa vidole viwili akahisi ubaridi wake, akaliachia.

Kaka alikuja wiki ya tisa, na watu wawili wa misumeno nyuma yake. Alisimama njiani.

"Mbona bado njano?"

"Usitazame majani ya zamani. Hayo hayarudi. Tazama ncha."

Kaka akasogea. Akainama. Kule kwenye ncha za miti sita majani yalikuwa kijani, kijani kizito cha kung'aa, na kwenye mmoja kulikuwa na maua matatu meupe. Kaka alipitisha dole gumba lake lenye saruji juu ya jani, mara mbili, kama anayekagua plasta ya fundi mwingine.

"Hii ni sita," alisema. "Na ile ishirini na tano?"

"Tisa imekufa kweli. Ya kona ile. Kumi na sita iliyobaki..." Povu alitafuta neno la kitaalamu, akalikosa. "Sijui. Salfa ni ya mwakani."

"Hajui!" baba aliwaambia watu wa misumeno. "Mmesikia? Mimi nimemzaa, ndiyo mara ya kwanza."

Kaka alitoa mchoro, akauweka juu ya goti, akaugeuza huku, akaugeuza kule. Akatembea mpaka kona ya miti iliyokufa, akapima kwa hatua zake ndefu. Vyumba viwili vingeingia pale. Baraza lisingeingia, na dirisha moja lingetazama moja kwa moja kwenye milimau. Alikuna kichwa. Alisema jambo kuhusu wanawake na udongo ambalo hatutaliandika. Kisha akachukua chaki akaweka alama kwenye mashina tisa, tisa tu.

Misumeno ilianza. Baba alisimama karibu kwa kila mti ulioanguka, na Povu alisimama karibu naye. Kulikuwa na vumbi la mbao na harufu kali ya limau hata kwenye miti ambayo haijazaa miaka mitano. Kelele zilipopumzika kidogo, alimuuliza.

"Baba, miaka ishirini na miwili. Hukuwahi hata mara moja kumuuliza mtu mwingine?"

Mzee alishangaa kwa dhati. "Nimuulize mtu mwingine kwa nini, na mimi ninaye mwanangu?"

Povu alitembea kwenye ile kumi na sita ya "sijui," mti kwa mti, akachota udongo kidogo chini ya kila mmoja, akaujaza kwenye mifuko. Jumatatu aliipeleka mapokezi kama mkulima yeyote, akapanga foleni, akamwambia karani abandike namba na ampe dada wa miwani. Majibu yalitoka baada ya siku nane. Alisimama upande wa pili wa kidirisha, upande wa wakulima, akasikia namba yake ikiitwa, akanyoosha mkono.

Haya, sasa ni zamu yenu. Najua kuna mtu hapa alimshauri mama, bibi, mjomba, kitu kimoja tu utotoni, akakisahau kabla ya chakula cha jioni, na mwenzake akakifuata miaka yote kama sheria. Au wewe ndiye uliyefuata. Tuandikie hapo chini: ulisema nini, nani alikuamini, na mlikuja kugundua lini. Tutasoma zote. Tutacheka pia, hilo siwaahidi vinginevyo.